Taksi Ambayo Walio Hai Hawaipandi

Saa moja na nusu asubuhi, na kituo cha taksi mjini Butembo kimeshachangamka. Mama mwenye kapu la maharage anachungulia gari la kwanza, limejaa. La pili nalo limejaa. La tatu ni Corolla nyeupe, safi kuliko zote, na dereva wake ameshafungua mlango. Mama anamtazama dereva, anahamishia kapu mkono wa pili, anakwenda kusubiri la nne.

Dereva anafunga mlango taratibu. Anaitwa Melchior Lusenge, ana miaka hamsini na tisa, na mambo haya hayamshangazi tena.

“Mugeni tu njo anaingia mwangu,” anasema. “Benzake bakimuonyesha kidole, anasema amesahau kitu ku nyumba. Hapana kurudia.”

Sababu inajulikana kituo kizima. Kwa miaka kumi na mmoja Melchior ndiye anayebeba marehemu. Mtu akifia hospitalini, na ndugu zake hawana uwezo wa kukodi gari la mazishi, madereva huwakatalia, maana maiti hailazwi walipokaa abiria. Kisha roho huwasuta, wakawanong’oneza: mtafuteni Melchior. Yeye hung’oa kiti cha nyuma, hutandika mkeka, hufunga matawi mabichi mbele ya gari ili njia nzima ijue, akashika safari hadi Kalunguta, hadi Luofu, popote lilipo shamba la ukoo.

“Wa kwanza alikuwa mutoto wa jirani. Mamake alikuwa amemupakata tu vile, anasimamisha taxi, zinapita. Nikasema ni siku moja tu. Wiki haikwishe, bakanitumia mwengine.”

Tangu hapo amekuwa mtu wa kuitwa wakati wa kilio na kukwepwa wakati wa chai. Wenzake humsalimia kwa adabu zote, wakiwa mbali. Hakuna aliyemtukana wala kumfukuza, na huenda matusi yangekuwa nafuu.

Mwaka huu limeingia jambo jingine. Mji umeamua kupunguza idadi ya taksi, na kila atakayebaki atapewa namba ya kubandika mlangoni. Asiye na namba hataruhusiwa kubeba mtu, awe hai au amekufa.

Éphraïm, mkuu wa kituo, anaunga mkono mpango huo. “Motokari ziko mingi kuliko batu. Tunashinda tunaangaliana. Afazali tubakie kidogo, kila mutu akule.”

Nadège, aliyenunua gari lake mwaka jana kwa akiba ya mavuno ya kahawa, hataki hata kusikia. “Sisi benye tuliingia jana njo batatuondoa. Bakubwa banajilinda, basi wacha baseme vile iko.”

Melchior alikuwa upande wa Éphraïm. Kwenye mkutano wa madereva, yeye ndiye aliyenyoosha mkono wa kwanza. Wakati mikono inashuka ndipo sharti liliposomwa: namba zitatolewa kwa wale ambao majina yao yamo katika daftari la zamu la kituo, walau siku nne kila wiki. Sasa, safari za Melchior hazianzii kituoni. Huanzia mlango wa hospitali. Jina lake katika daftari hilo, ambalo huandikwa gari likiondoka na abiria, lilionekana mara saba kwa mwaka mzima. Alikuwa amejichongea mwenyewe.

Éphraïm hakumtupa. Mama mzazi wa mkuu huyo alisafiri safari ya mwisho ndani ya Corolla ile. Akampa Melchior hadi Ijumaa alete karatasi kumi, zimesainiwa na familia kumi alizozihudumia.

Karatasi kumi kwa mtu aliyebeba mamia, nani angeona shida? Lakini aliyefiwa hataki kuliona tena gari lile. Huko Kalunguta, msichana aliliona linasimama kando ya ua, akakimbilia ndani akipiga mayowe. Melchior aliposhuka, nyumba nzima ilikuwa inalia na kuuliza ni nani. Hakuna aliyekufa. Yeye alikuja na kalamu tu. Ilichukua saa nzima kuwatuliza, na baada ya hapo akaona haya kuomba saini. Siku hizi huliacha gari mbali, akaenda kwa miguu.

Jioni hurudi kwenye nyumba isiyo na mtu. Mkewe, Josée, alifariki miaka mitatu iliyopita kwa ugonjwa wa presha. Siku hiyo Melchior aliomba gari la mwenzake, lolote, ili yeye akae nyuma na mkewe. Alizunguka kituo chote. Mwishowe akafunga matawi kwa mikono yake mwenyewe, akashika usukani hadi Luofu, mke akiwa nyuma yake.

“Nilibeba batu ya kila mutu,” anasema. “Wangu, haikukuwa mutu wa kumubeba.” Anasema hivyo huku akifuta kioo ambacho hakina vumbi. Uchungu wake hauhitaji maneno mengine.

Alhamisi, akiwa na karatasi sita tu, anakwenda Beni. Katika komuni ya Ruwenzori mjini humo anaishi Katungu, muuza mafuta ya mawese, ambaye mwanawe Grady alibebwa na Melchior mwaka jana. Dereva anaacha gari kwenye kona na kutembea. Anamkuta mama huyo uani akipima mafuta. Katungu anamwona, anamsogezea kiti. Anasikiliza hadi mwisho. Kalamu anaipokea, lakini hasaini.

“Papa Melchior, karatasi itasema nini? Haikuona vile ulisimamisha motokari mara tatu ju nilikuwa nasema mutoto iko anasikia baridi. Ulivua koti yako, ukamufunika. Haukuniambia nimekuwa kichaa.” Anamrudishia kalamu. “Nitaenda miye mwenyewe. Huyo Éphraïm aniulize.”

Ananawa mikono, anachukua bidon moja, dumu la mafuta ya kuuza Butembo, maana safari isiyo na faida haipendi. Garini anakaa kiti cha mbele na kuibana bidon katikati ya miguu.

“Ni ngapi mpaka Butembo?”

Melchior anababaika. Aliyefiwa hapatani bei; hutoa alicho nacho huku akilia, na dereva hupokea akitazama chini.

“Elfu kumi na mbili,” anasema.

“Na kiti inalia namna hii? Nakupa munane.”

“Munane hata essence ya motokari haifike, mama.”

“Basi tisa, na bidon haina bei.”

Wanavutana hivyo hadi kizuizi cha kwanza, na Melchior, ambaye angeweza kumbeba bure, hataki kushindwa. Anacheka hadi machozi yanamtoka.

Akiulizwa anatumaini nini kesho Ijumaa, hana mengi. “Bakinipa numero, kila asubui nitasimama mu mustari kama benzangu. Benye banafiwa, siwezi kubakatala hata siku moja. Lakini na hawa benye banagombana bei, nabataka pia.”

Barabara imenyooka sasa, na Corolla inakwenda pole, kama inavyokwenda siku zote. Pikipiki zinaipita. Lori la ndizi linaipita. Katungu anavumilia kilomita mbili tatu, kisha anamgeukia dereva.

“Papa Melchior, kanyaga kidogo. Mi niko muzima.”

Melchior anakanyaga mafuta.