Nimeapa Baba Amekufa, na Jumatatu Wanataka Kuona Kaburi

Admin, naomba unifichie jina, hapa Ipogolo, Iringa, tunafahamiana.

Mimi ni mwanaume wa miaka 34, kibarua wa kupakia mbao. Shule niliishia darasa la tano, mnivumilie. Nina mke Mhehe na watoto wawili. Kwetu ni Karonga, Malawi. Nilivuka nikiwa na miaka kumi na tisa, nikabeba magunia ya viazi Mbeya, nikapanga chumba mtaa wa Soweto kule kule Mbeya, kabla ya kuhamia huku Iringa. Kingonde chetu na Kinyakyusa vinasikilizana, kwa hiyo watu walinichukulia kuwa Mnyakyusa wa Kyela, nami nikanyamaza.

Mwaka jana nilichoka kujificha kila nikiona gari la uhamiaji. Nikamfuata jamaa wa steshenari kule Soweto, anayejazia watu fomu, anisaidie kupata kitambulisho cha taifa. Akasema, "Mdogo wangu, tunaandika umezaliwa Kyela na baba yako ni marehemu."

Nikamwambia baba mzima kabisa, anachunga ng'ombe wake. Akacheka. "Ukisema yupo, watamwita. Marehemu haitwi ofisini."

Akachapa kiapo kinachosema hivyo, nikakisaini.

Mwanzoni mwa wiki hii uhamiaji wakaniita. Afisa alikuwa mpole tu. "Kijana, baba yako amezikwa wapi?" Nikataja kijiji nilichokaririshwa. Akasema, "Sawa. Jumatatu twende wote, ukatuonyeshe kaburi lake."

Nilitoka nje. Nikampigia jamaa wa steshenari, wala hakushtuka. "Kaburi siyo tatizo. Kuna familia kule itakuonyesha moja, lipo kwenye migomba. Wewe ulie kidogo."

Mke wangu aliposikia aliacha kukanda unga. "Baba Tumaini, yaani mkwe wangu umemuua kwa karatasi, sasa unataka na kumlilia?"

Yeye ndiye aliyenipeleka kwa wakili mjini, mama wa makamo ambaye kesi za wageni amezishika miaka mingi. Alisoma kiapo mara mbili, akavua miwani. "Kaka, jino likikuuma unakwenda kwa fundi viatu?"

Akasema kama ningeanza kwake, nikiwa na mke Mtanzania na watoto, tungeomba kibali cha kukaa kwa jina langu na baba yangu yule yule. "Sasa umeapa uongo. Nitakwenda na wewe kabla ya Jumatatu, useme ukweli, nikutetee. Ila siwezi kukuahidi kitu. Wanaweza kukushtaki, wanaweza kukurudisha kwenu."

Kumbe njia ilikuwepo, ndugu zangu! Miaka yote hiyo ilikuwepo, nami nikamsikiliza mwenye mashine ya fotokopi.

Jana baba alipiga simu akasema sauti yangu ni ya mtu aliyefiwa. Nikamdanganya kuwa mtandao ni mbovu, nikakata.

Mke wangu anasema twende kwa wakili. Shemeji anasema nikaonyeshe kaburi, yaishe. Mimi nikiwatazama wanangu wamelala naogopa njia zote mbili, maana nikikosea hapa watakua bila mimi.

Leo ni Ijumaa. Kama kuna aliyewahi kusimama mbele ya afisa akakiri uongo wake mwenyewe, naomba aniambie jambo moja tu: siku ile ulirudi nyumbani?