Kibuyu Kisichojua Sabuni

Fangasi za ukeni ziliporudi mara ya nne, Gerhardine hakutaka hata kuzitaja. Alikaa upandeupande kwenye benchi la zahanati, gauni lake pana la Kiherero na sketi tano za ndani zimemjaa magotini, anawashwa, anaona haya, na amekasirika. Nesi alimpa dawa tena, akamwambia apunguze sketi, kisha akaongeza kwamba maziwa ya mgando huenda yakasaidia kidogo, maana yana bakteria wazuri, ingawa hakuna mwenye uhakika.

"Mwanangu," akasema Gerhardine, "mimi Mherero, mtoto wa wafugaji. Hayo maziwa nimeanza kuyanywa sijaota meno. Hao wazuri wako wamekaa tu wananitazama?"

Nesi alicheka, akamwomba asubiri kidogo apimwe sukari. Gerhardine akasema ng'ombe hawasubiri, akaondoka zake.

Hata hivyo maneno yalimwingia. Akawa anakunywa vikombe vitatu kwa siku badala ya kimoja, omaere, maziwa mazito ya mgando ya kwao, kutoka kwenye kibuyu alichoachiwa na mama yake. Kibuyu hicho hakijawahi kuona sabuni, kwa sababu uchachu hukaa kwenye kuta zake, na ndio unaogandisha maziwa ya kesho. Vikombe vitatu vilikuwa vikali mno, basi akatia sukari, vijiko vinne kila kikombe.

Uazapi, binti wa kaka yake aliyekuja likizo kutoka Windhoek, katika habari yote aliyosimuliwa na shangazi yake alishika neno bakteria tu. Siku moja Gerhardine alitoka zizini akamkuta amekisugua kibuyu kwa sabuni na maji ya moto, amekianika juani, anatabasamu.

"Shangazi, nimewaua wote."

Gerhardine alikaa chini. Hakumgombeza. Alisema tu kwamba mama yake alikuwa humo ndani.

Wiki mbili maziwa yalioza badala ya kuganda. Akawa anashindia chai yenye vijiko vilevile, na muwasho uleule. Maziwa yapo, anawashwa, hayapo, anawashwa. Akarudi kwa nesi.

"Leo sitaki habari za maziwa. Nitoboe kidole."

Nesi alikiangalia kipimo mara mbili. Sukari ilikuwa juu sana, akasema, na fangasi huipenda.

"Kwa hiyo muda wote huu nilikuwa nazilisha mwenyewe?"

Nesi alimwandikia arudi kesho asubuhi bila kula, apimwe vizuri. Gerhardine akapokea karatasi, akatafuta wa kumkasirikia, akakosa.