Boti ya Faiba na Pazia la Mkwe

Mimi ni fundi cherehani. Nalisema mapema ili huko mbele usije ukashangaa. Nina kibanda changu Kibiti, kando ya lami, na wateja ambao wote wanataka nguo jana. Kwetu ni Mtawanya, watu wa mihogo na korosho, maji tunayajua ya kisimani. Kuogelea sijui mpaka leo. Sasa mtu kama huyo anatafuta nini na boti ya faiba uani kwake? Majirani walikuwa wananiuliza hivyo kila asubuhi, na wanacheka kabla sijajibu.

Jibu ninalo. Mke wangu ni mtu wa delta, kijiji kilichozungukwa na mikoko, hakifikiki ila kwa chombo. Baba yake alipofariki, tukakimbia mpaka bandarini Nyamisati na kukuta boti ya abiria imeshaondoka na maji. Yakaanza kupwa. Vyombo vikubwa vyote vikakaa kwenye tope. Mke wangu alikaa na mkoba wake mapajani, anatazama tu, mpaka kaka yake alipopiga simu: jua kali, wameshindwa kungoja, wameshazika. Hakupiga kelele. Aliuliza tu wamemlaza karibu na nani, kisha akakata simu.

Mimi nikiwa na huzuni huropoka. Mbele yetu ilikuwa imefudikizwa boti ndogo ya faiba, kuukuu, imepasuka mbele, nyepesi kiasi cha kupita hata maji yakiwa ya magotini. Nikasema, “Ile nitainunua, nitaitengeneza mwenyewe. Kwa mama hutachelewa.” Akanigeukia. Wallahi sijawahi kutazamwa vile, hata siku ya ndoa. Basi, nimeshasema. Ningefanyaje?

Boti ikaja Kibiti juu ya Fuso, imelala kwenye magunia ya mkaa, nami nimekaa ndani yake kama bwana harusi. Tukaiweka uani, kamba ya kuanikia nguo ikahamishwa. Siku ya pili tu nikawa na jina mtaani. “Nahodha! Maji yamejaa?” Hata muuza maandazi, mtu mwenye adabu zake, akaanza kuniita nahodha.

Kazi ya kwanza ilikuwa msasa. Hakuna aliyeniambia kwamba vumbi la faiba linawasha kuliko upupu. Nilipiga msasa Ijumaa asubuhi, nikaoga haraka, nikavaa kanzu, nikaenda msikitini. Hotuba nzima najikuna. Mzee aliyekuwa pembeni yangu akasogea kidogo, halafu akasogea tena, mwisho akahama safu.

Kazi ya pili ilikuwa gundi. Muuzaji alinionya nichanganye kidogo kidogo na ile dawa yake ya kugandisha, kwa kuwa ikishaanza haingoji mtu. Nikaona ananicheleweshea kazi. Nikachukua beseni la mke wangu, nikamimina gundi yote, na dawa nikakadiria kwa jicho kama sukari ya chai, jua la saa saba utosini. Ikachemka, ikatoa moshi, ikaganda na brashi imesimama katikati. Beseni lile sasa linazuia mlango wa banda la kuku. Limekuwa zito, na mlango haupigi tena, kwa hiyo siyo hasara yote.

Kiraka ndicho kilichotugombanisha. Kitambaa cha faiba, kile kinacholowekwa gundi, ni kitambaa, na kwenye kitambaa haniambii mtu kitu. Nilipima ufa kwa futi yangu ya kazini, nikakata kiraka kilekile, nikaacha nafasi ndogo ya upindo kama kwenye suruali. Mke wangu akaja na mwiko mkononi, akatazama.

“Kiraka cha boti kinapita ufa shibiri nzima kila upande,” akasema. “Tena tabaka juu ya tabaka. Hii siyo suruali.”

“Hakuna suruali yangu iliyowahi kuachia kiraka.”

“Suruali haielei, mume wangu.”

Nikabandika kama nilivyokata. Ubishi huo nimeurithi. Nikapaka rangi ya buluu na mstari mweupe ulionyooka mno, kazi ya mkono uliozoea mshono, na watu waliusifu kweli. Tulipoishusha majini Nyamisati, ikaelea! Nilitaka kulia. Baadaye kidogo tukaona unyevu kwenye kiraka. Nikasema ni jasho. Mke wangu akasema boti haina makwapa.

Tuliiacha hukohuko Nyamisati, nikapanga kukirudia kiraka baada ya Idi. Kabla haijafika, shemeji akapiga simu mchana: mama ana homa kali, hasimami, na hataki kutoka pale mpaka binti yake amfuate. Boti ya abiria ilikuwa imeshaondoka. Yaleyale. Mke wangu alijifunga khanga akatoka, na uso wake ulikuwa uleule wa siku ile.

Nyamisati tukaazima mashine ya boti kwa mvuvi mmoja. Mke wangu akaishika, maana kaikulia. Mwenye boti nilikaa katikati, nimekamata kingo zote mbili, na kopo la kuchotea maji kati ya miguu. Tulipita juu ya fungu la tope ambalo boti kubwa isingethubutu. Kabla hatujagusa nchi akaruka, akapotelea kwenye minazi. Nikabaki natega sikio. Kisha nikasikia sauti ya mkwe, dhaifu lakini kali: “Ndiyo uingie na matope yote hayo?” Yuko hai. Nikalia palepale, kopo mkononi.

Shida ikaja wakati wa kuondoka. Kwetu mtu na mama mkwe wake ni heshima. Akipita njia hii, wewe unapita ile, mnasalimiana kwa mbali mmegeuza nyuso. Miaka yote ya ndoa yangu sikuwa nimemwona sura vizuri, namjua kwa khanga na visigino. Sasa boti yangu, tangu mbele mpaka nyuma, ni hatua chache tu. Nilifikiri msasa, nikafikiri gundi, nikafikiri rangi. Kwamba abiria mwenyewe ni mkwe, na kwamba tutakaa magoti kwa magoti, mimi mjinga sikuliwaza hata siku moja.

Walimleta wamembeba, akaiona boti, akaniona mimi ndani yake, akajifunika uso. “Nirudisheni. Sikai na mkwe kwenye kibakuli.”

Nikasema nibaki. Mke wangu akakataa, boti inavuja, nani atachota? Shemeji ana mwili, akiingia yeye tunakaa kwenye tope. Na maji yanakupwa. Hapo ndipo mara ya kwanza nikawa na faida. Sindano na uzi havitoki kofiani mwangu. Nikaomba khanga mbili na fito mbili, nikashona pazia la kukata boti katikati, mkwe mbele, sisi nyuma.

“Funga tu!” mke wangu anapiga kelele. “Unapinda ya nini? Maji yanakwisha!”

Nilipinda. Siwezi kuacha ukingo wa nguo ukining’inia, nitaumwa.

Tukaondoka. Tulipofika katikati ya mkondo, kiraka changu kikaachia. Na kiraka kilikuwa wapi? Mbele, upande wa mkwe. Nikaona maji yanapita chini ya pazia, yanakuja kwangu taratibu. Nikayachota yaliyonifikia. Yaliyobaki yalikuwa miguuni kwa mgonjwa wa homa, na mimi nimekaa natazama upindo wangu.

“Ingia!” mke wangu akasema.

“Naingiaje?”

Tukasikia sauti kutoka kule mbele. “Mkwe, ingia uchote. Nimefumba macho.”

Nikainua pazia. Kwa heshima na mimi nikafumba. Sasa mtu anachota maji kafumba macho, utegemee nini? Kopo la kwanza nikalimwaga mapajani mwake. Nikataka kujitupa majini, nikakumbuka siogelei. Kisha mkwe wangu akacheka, kicheko kibovu cha mgonjwa, mpaka akakohoa. “Fumbua wewe,” akasema. “Mimi nitafumba kwa wote wawili.”

Nikachota mpaka Nyamisati, nimeinamisha kichwa, naye mkono wake mmoja ameukandamiza juu ya ufa.

Hospitali walimtibu, akapona, akakaa kwetu mpaka nguvu ziliporudi. Boti nikairudisha uani. Siku moja nakibandua kiraka, pazia lile likiwa limeanikwa kwenye kamba, nikaona visigino vyake vimesimama upande wa pili.

“Mkwe.”

“Labeka, mama.”

“Siku yangu ikifika, hawatangoja. Jua lile unalijua.”

Nikaweka msasa chini.

“Basi hicho kiraka sikiliza anavyokwambia mkeo. Nataka anikute sijafunikwa udongo.”

Visigino vikaondoka. Nikaweka futi mfukoni, nikamwita mke wangu aje anioneshe shibiri yake ni ya kiasi gani. Akaja, akatandaza kiganja juu ya ufa, nami nikachora kukizunguka.