Kikombe cha Uji Mwezi wa Ramadhani

Siku yangu ya kwanza kazini nilifua mikeka. Nilikuwa nimeshona gauni la bluu kwa ajili ya siku hiyo, na cheti changu cha ualimu wa chekechea nimekitia kwenye bahasha mpya, nikijua nitapewa darasa. Mkuu wa chekechea ya kanisa letu pale Wete, mwanamke mrefu kutoka bara ambaye sote tulimwita Mama Mkuu, aliipokea bahasha, akaiweka mezani bila kuifungua, akanionyesha mikeka sita na pipa la maji. "Mwalimu wa watoto wadogo huanzia pale wanapokaa," akasema. Nilisugua mikeka ile huku nikinung'unika kwa Kinyaturu, lugha ya kwetu, ili asinielewe. Gauni liliharibika siku hiyo hiyo.

Nilikuja Pemba kumfuata mume wangu, aliyekuwa fundi wa maabara hospitalini. Wengi wetu Wakristo wa kisiwa hiki tulifika hivyo, kwa barua ya uhamisho au kwa biashara, na wengi waliondoka hivyo hivyo. Kwa hiyo chekechea yetu, ambayo huku wanaiita skuli ya maandalizi, haikuwa na watoto wa kutegemea. Mtoto anafika analia, anazoea, anajifunza kushika penseli, mara baba yake anapata barua na wiki inayofuata mkeka una nafasi tupu. Kama si watoto wa Kiislamu wa jirani, tungefunga milango mapema sana.

Niwaeleze kazi ilivyokuwa, maana vijana wa siku hizi mnadhani chekechea ni kuimba na kupiga makofi. Tulianza na mduara wa asubuhi: tunakaa mkekani, kila mtoto anataja jina lake na jambo moja lililotokea kwao. Hapo mwalimu anasikia mengi kuliko anayotakiwa kusikia, na anatakiwa kuyameza. Kisha watoto wanagawanywa kwenye kona, yaani sehemu za kuchezea na kujifunzia: kona ya vitabu, kona ya nyumba, kona ya duka ambako vifuu vya nazi vilikuwa mizani na vizibo vilikuwa bidhaa. Zana zote tulizitengeneza kwa mikono yetu jioni. Saa nne ulikuwa uji, kila mtoto na kikombe chake cha bati chenye doa la rangi. Kabla ya kunywa, wetu waliimba sala fupi na wa Kiislamu walisema Bismillahi. Mama Mkuu hakuruhusu mtu aingilie hapo. "Kila mmoja ashukuru alivyofundishwa kwao," alisema, "na uji usipoe."

Kubwa kuliko yote lilikuwa neno la wiki. Kila Jumatatu mwalimu aliandika ubaoni tabia moja kwa herufi kubwa, Subira, au Usafi, au Samahani, akasimulia kisa kinachoifaa, na wiki nzima tukaliishi neno lile. Watoto hawajui kusoma, lakini wanajua kwamba pale ubaoni pana kitu mwalimu amekiahidi. Mama Mkuu alinionya mapema: "Mtoto akikukamata unadanganya mara moja tu, tafuta kazi nyingine." Nilicheka. Nilidhani ni maneno ya wakubwa wanaopenda kusikika.

Baada ya miaka minne Mama Mkuu alipelekwa Wawi kuanzisha chekechea nyingine, akanichukua. Tulikuwa na darasa moja, chumba cha nyuma, na watoto saba. Kanisa lilitupa mwaka mmoja: wasipozidi, tunafunga. Majirani walitusalimia vizuri, wakatuuzia mihogo na samaki, lakini watoto hawakuleta. Sikuwalaumu. Nani anampeleka mtoto wake kwa watu asiowajua, tena wa dini nyingine, halafu alale usingizi?

Aliyetuokoa ni Bi Mize. Alikuwa bibi wa makamo mwenye shamba dogo la mikarafuu, akimlea mjukuu wake Rukia kwa kuwa wazazi walikuwa Unguja kikazi. Siku moja alikuja kamshika mtoto mkono, akakaa kwenye kiti cha mtoto, kwa kuwa vingine hatukuwa navyo.

"Mie nimekuja mwenyewe, sikutuma mtu," alisema. "Dini yake ataipata chuoni. Nyie mumfunze kusoma, na mumfunze kusema kweli. Hayo mengine nnayo mie."

Chuoni, kwa huku, ni kwa mwalimu wa Kurani, na watoto wote walikwenda jioni. Mama Mkuu alimpa mkono. Bi Mize akatoka, akapita nyumba kwa nyumba akisema, "Watu wale hawadanganyi watoto." Baada ya Idi mbili tulikuwa na watoto thelathini na mmoja, na ishirini na wawili walikuwa wa Kiislamu. Kila mmoja wao alikuja kwa neno la yule bibi.

Ramadhani tulikuwa na utaratibu wetu. Saa nne tulifunga madirisha ya upande wa barabara na uji ukahamia chumba cha nyuma, maana si adabu kula mbele za watu wanaofunga. Kwenye rejista, pembeni ya jina la kila mtoto wa Kiislamu, tuliandika mzazi alivyotuambia: afunga, au hafungi. Mtoto mdogo hana saumu, lakini huku watoto hupenda kujaribu saumu ya nusu, mpaka adhuhuri, na nyumbani hushangiliwa kweli. Wanaojaribu walibaki darasani wakichora. Na kanuni ilikuwa moja: mtoto akilegea, aitwe mlezi wake, naye ndiye aamue.

Ramadhani iliyofuata Rukia alikuwa na miaka sita. Bi Mize alituambia kwa furaha kwamba mjukuu wake kaomba mwenyewe kufunga nusu. Nikaandika, afunga. Wiki ile Mama Mkuu alikuwa Unguja kwenye mkutano na mwalimu mwenzangu alikuwa anauguza, kwa hiyo nilibaki peke yangu na mpishi. Siku ya kwanza, saa nne, nikamkuta Rukia kalaza kichwa juu ya karatasi yake, midomo imekauka. Niliogopa. Akilini nilimwona anaanguka, nikaona watu wamejaa mlangoni, nikasikia wanavyosema kwamba kanisa limeua mtoto. Kwa Bi Mize ni mwendo wa dakika tano. Ningeweza kumtuma mpishi. Badala yake nilichota uji kwenye kikombe chake chenye doa la njano, nikachuchumaa, nikamwambia:

"Kunywa, mwanangu. Bibi hatajua. Tusimwambie."

Alinitazama, akatazama ubao, akanywa. Neno la wiki ile lilikuwa Kweli. Nililiandika mimi mwenyewe.

Kesho yake alilaza kichwa tena, lakini macho yalikuwa mazima, yananisubiri. Nikampa. Siku ya tatu hakulaza hata kichwa. Alikuja chumba cha nyuma mwenyewe, akashika kikombe chake, akaninong'oneza, "Bibi hajui." Alitabasamu, na mimi, Mungu anisamehe, nilitabasamu pia.

Nyumbani Bi Mize alikuwa anamsifu kwa kila anayepita. Siku ile ya tatu alimketisha kwenye mkeka wa futari pamoja na wakubwa, na adhana ya magharibi ilipolia akampa yeye tende ya kwanza, ile wanayopewa wenye saumu. Rukia aliishika tende, akaanza kulia, akakataa kuila. Halafu akasema yote.

Bi Mize alikuja asubuhi kabla watoto hawajafika. Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

"Mwalimu, uji hauna neno," alisema. "Kitoto kile hakina saumu, kingeshindwa ningekilisha mwenyewe. Ungenituma mtu ningekuja mbio."

"Alikuwa anataka kuzimia, Bi Mize."

"Alikuwa na njaa. Njaa si kuzimia." Akamtazama Rukia, aliyekuja naye. "Weye umemfunza kunificha mie. Siku tatu nimemsifu, naye anajua si kweli. Mie nitamlea vipi mtoto anonificha?"

Nilikuwa na neno moja la kusema, Samahani, na tulikuwa tumelifundisha wiki mbili kabla, tukaliimba na kulichora. Sikulisema. Nilisema tena habari ya kuzimia. Bi Mize aliniangalia mpaka nikaona haya, kisha akamgeukia Rukia aliyekuwa kasimama mlangoni. "Chukua kikombe chako, mwanangu." Mtoto alikwenda chumba cha nyuma, akakitoa kikombe chenye doa la njano, akapita mbele yangu kichwa chini kama aliyeiba. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo: mtoto ndiye aliyeona aibu.

Bi Mize hakumwambia mtu. Lakini kijijini watu hawahitaji kuambiwa. Walimwona Rukia yuko nyumbani asubuhi, na aliyewaleta wao alikuwa bibi yake. Baada ya Idi walirudi watoto kumi na tisa, mwezi uliofuata kumi na mmoja. Katibu wa elimu wa kanisa alikuja kuuliza kulikoni. Mama Mkuu, aliyezeeka ghafla miezi ile, alisema pengine ni udini, pengine kuna mtu anawapandikizia maneno. Akanigeukia. "Wewe unakaa nao, unanunua nao, umesikia nini?"

"Sijasikia kitu, Mama," nilisema.

Katibu akaandika, majirani wameanza ubaguzi. Niliitazama kalamu yake ikiandika. Watu wale waliotupa watoto wao wakaitwa wabaguzi kwa sababu ya mdomo wangu uliofungwa. Mwisho wa mwaka chekechea ya Wawi ilifungwa. Mama Mkuu alirudi bara akiamini kwamba kisiwa kilimkataa, na alifariki akiamini hivyo. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, lakini mwiba ule nilimdunga na yeye.

Niliomba kurudi Wete, nikafundisha huko miaka kumi na minane chini ya wakuu watatu. Wote waliandika kwenye taarifa zangu kwamba ni mwalimu makini. Nilikuwa makini kweli, kwa woga. Ilipofika wiki ya neno Kweli nilimwachia msaidizi wangu aandike. Mara mbili tatu nilionana na Bi Mize sokoni Chake Chake. Nilimwamkia, akaniitikia vizuri, akaniuliza hali ya mume wangu na ya wanangu wote kwa majina. Kisha alisubiri kidogo. Kila mara alisubiri, na kila mara nilikumbuka nina haraka.

Mwaka huu nimestaafu. Waliniandalia sherehe, wakanipa kitenge, saa ya ukutani na cheti chenye maneno, kwa utumishi wa uaminifu. Watoto wa chekechea waliimba. Chakula cha sherehe ile sikukila. Wiki iliyofuata, Ramadhani imeshaingia, nilikwenda Wawi.

Nilipiga hodi, akatoka mwanamke kijana, nikamjua kwa macho. Rukia alinijua pia. Alinishika mikono miwili, akaniingiza ndani, na kabla sijauliza akasema, "Bibi katangulia mbele ya haki, mwalimu. Mwaka jana, mwezi kama huu."

Nilikaa. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu toka Wete, na yote yalikuwa ya mtu asiyekuwepo. Nikamwambia yeye. Nilisema nimekuja kuomba radhi, na kwamba nilimpa uji kwa woga wangu, na kwamba nilimfundisha kuficha, na nikawaacha majirani wakasingiziwa. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza.

"Mie nilikwishasamehe udogoni," alisema. "Bibi ndiye alokuwa akikungojea. Akisema, mwalimu yule atakuja mwenyewe, msimwendee. Kila akirudi sokoni Chake hunambia, nimemwona, bado."

Nililia mbele yake, mtu mzima mimi, na hakunikataza. Kisha aliinuka, akarudi na maji kwenye gilasi, akaniwekea mezani. Nilikataa. Nilisema wao wamefunga, nitakunywa nikifika kwangu.

"Kunywa, mwalimu. Safari ya Wete si fupi."

Msichana wake wa miaka minne, aliyepewa jina la Mize, alikuwa kasimama mlangoni ananitazama. Alinitazama mimi, akatazama gilasi, akamvuta mama yake nguo. "Mama, yuno anakunywa mchana?"

Rukia alinielekezea kidole. "Muulize mwenyewe," alisema, akaketi.

Yule mtoto akanisogelea mpaka magotini. "Hufungi?"

"Sifungi, mwanangu," nilimwambia.

Akaitikia kwa kichwa, akaenda kucheza. Kusema kweli kulichukua dakika moja tu, na hakuna aliyezimia. Nikainua ile gilasi, lakini nikakumbuka kikombe chenye doa la njano, na maji niliyaacha pale pale.