Part two imeniumbua mbele ya Papa: mtu niliyemfufua part one kumbe alishakufa

Wakuu, nawasalimu kutoka Nguba, Bukavu. Kiswahili chetu cha huku mnakijua, kimelala kitanda kimoja na Kifaransa, baba ni papa, ndiyo ni njo, kwa hiyo wale wa kusahihisha watu leo wapumzike.

Ninayoandika yametokea nyumbani kwetu na aibu yote ni yangu. Sina sababu ya kuongeza chumvi. Chumvi niliimalizia kwenye filimu, mtaona.

Kuna uzi humu watu wanabishana kama part two ya ile filimu ya ziwa na ukuta imefikia part one. Nimeshindwa kuchangia kule kwa sababu jibu langu ni refu na lina kesi ndani.

Kwa ambao hawajaiona: kuna nchi ambayo serikali imezungushia ziwa ukuta, maji yanagawiwa kwa kikombe. Kijana akifika miaka kumi na sita anapelekwa kuchimba mfereji chini ya ukuta, harudi. Binti mmoja anagoma. Ni zile filimu ambazo watoto wa shule wanapindua serikali kabla hawajafanya mitihani.

Sasa Papa.

Papa yangu ni mwalimu mstaafu wa Kifaransa, na ni kipofu. Presha ya macho, yalizima polepole. Tangu hapo mimi ndiye macho yake. Namsomea message, matangazo ya parokia, maandishi kwenye chupa za dawa.

Na Jumapili baada ya misa namsimulia filimu. Yeye anasikiliza sauti, mimi naeleza kinachoonekana na kutafsiri, maana Kiingereza hakijui hata cha kuombea maji.

Part one niliipata kwa Kiingereza kitupu. Tukaanza vizuri. Papa aliposikia habari ya ziwa alicheka mpaka akakohoa.

"Hii njo filimu ya kutisha? Siye tuko na ziwa hapa chini, robine haitoi maji tangu juzi, na hakuna mwenye alijenga ukuta."

Halafu katikati pale, baba wa yule binti anapigwa risasi. Anamfia binti yake mikononi.

Wakuu, mama yangu alikuwa ametutoka miezi minne tu nyuma. Papa alikuwa hali vizuri, halali vizuri, anajibu watu kwa kichwa. Kicheko cha siku ile kilikuwa cha kwanza tangu mazishi. Nikaangalia screen, nikamwangalia Papa, ulimi ukaenda wenyewe.

"Ile risasi imepiga nani?"

"Imepiga ukuta, Papa."

"Na huyu mutoto analia nini?"

"Furaha. Ameona papa yake amepona."

Uongo ukishauzaa lazima uulee. Filimu ilikuwa imebakiza saa nzima, na Papa alishampenda yule mzee. Kila baada ya dakika kumi ananiuliza papa ya binti iko wapi. Nikamtuma kukata kuni. Nikamtuma akaongee na majirani. Mwisho nikampa malaria kidogo, alale, na mimi nipumue.

Papa akatembeza sifa mtaa mzima. Hajawahi kusikia filimu kama ile. Hasa yule papa, mutu ya hekima, hana kelele. Mimi nainamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu.

Ikaja part two. Nikainakili kwenye flash mjini, sikuuliza iko kwa lugha gani. Hapo ndipo nilipochimba kaburi langu. Nikawasha.

Kifaransa.

Papa akakaa wima kama yuko darasani. Na sentensi ya kwanza ya yule binti, wakuu, ya kwanza kabisa: "Ils ont tué mon père." Walimuua baba yangu.

Nikaanza kutafuta lugha nyingine kwenye remote. Hakuna. Nikasema labda anaongelea baba mwingine.

"Mutu iko na ba papa bangapi, Bahati?"

Alisikiliza mpaka mwisho bila kuniuliza swali hata moja. Saa mbili na nusu. Ilipoisha akatoa maksi, ndiyo tabia ya walimu:

"Hii ya pili ni ya ovyo. Binti anakasirikia kila mutu bila sababu, tena katikati ya vita anachagua kati ya vijana wawili. Ya kwanza ilikuwa na akili." Akageuza uso upande wangu. "Ya kwanza ilikuwa ya nani?"

Nikakiri yote. Kuni, majirani, malaria.

Nilitegemea atacheka. Hakucheka. Akasema pole pole:

"Kama unaweza kufufua mutu mu filimu, mimi nitajuaje kama batu benye unanisomea message zabo bangali bazima?"

Jamani, ile iliniingia mpaka kwenye mfupa.

Kesho yake dada yangu Noella akaandika kutoka Uvira. Papa aliposikia simu inalia akaishika kifuani, akachukua fimbo yake, akapapasa njia mpaka kwa jirani yetu Maman Neema, muuguzi. Akamwomba asome hiyo mpya, halafu asome za nyuma zote. Mimi niko upande wa pili wa ua, nasikia. Kila neno lilikuwa vilevile nilivyomsomea. Hata zile mbaya, hata ile ya ujauzito wa Noella ulioharibika.

Hata hivyo siku nne simu haikurudi mkononi mwangu.

Siku ya tano akaniita. "Nieleze ile ya kwanza. Yenyewe, siyo yako."

Nikaanza. Nilipofika kwenye risasi nikakwama. Akasema:

"Mimi nilizika mama yako. Unafikiri papa ya filimu njo atanishinda?"

Nikamweleza alivyoanguka, na alichomwambia binti yake. Tulilia wote wawili, na sidhani tulikuwa tunamlilia yule wa filimu. Tangu mazishi tulikuwa hatujalia pamoja.

Baadaye Papa akapangusa uso. "Kumbe hasira ya binti iko na sababu. Weka ya pili tena."

Basi jibu langu kwa ule uzi ni hili. Part two imeifikia part one, pengine imeipita, lakini kwa aliyeelezwa part one bila kufichwa kifo. Wale vijana wawili bado hawana kazi pale, hapo mimi na Papa tuko pamoja.

Funzo nililopata: nilidhani namkinga mzee na msiba, kumbe nilikuwa namwacha aubebe peke yake.

Haya, wenye wazazi wasioona, wasiosikia, mnawatafsiria vipi? Na wewe unayesema part two ni mbovu, part one ulisimuliwa na nani? Nitawajibu nikirudi. Noella ameandika sasa hivi, na Papa amenyoosha mkono wenye simu upande wangu.