Pilau ya Mama na Mwekezaji Wangu

Jamani, leo mwekezaji wetu amenikaripia kwa sababu ya pilau aliyoila mwenyewe!

Alitoka Nairobi kuja Msambweni kutazama biashara yetu changa ya sabuni za mwani.
Kwetu mgeni hula kwanza, mambo ya kazi baadaye. Mama akachinja kuku wake, akapika.
Bwana akala, akaongezwa, akaongezwa tena.

Alipomaliza kunawa, akanigeukia: "Kumbe mtaji wangu ndio mnaofanyia karamu?"

Mbele ya mama yangu!

Nikajikaza. "Kaka, kuku ni wa mama. Biashara haijatoa hata chumvi."
Aliomba samahani? Wapi!

Na mama, bila kinyongo, akamfungia pilau ya njiani.
Akaipokea!

Sasa niambieni: kwenye ripoti yake pilau hiyo niiandike kama matumizi, au mgao wake wa kwanza wa faida?