Watafiti Waliponiuliza Kuhusu Kutetemeka

Miaka ile intaneti kafe zilipoanza kujaa Kariakoo, nilikuwa nikifunga duka langu la vitenge mapema, naenda kukaa mbele ya kompyuta. Nina ugonjwa wa Parkinson, na kulikuwa na jukwaa mtandaoni ambako watafiti wa nje walijadiliana nasi wagonjwa, kila mtu akisoma. Wao kazi yao kuuliza kuhusu kutetemeka tu. Siku moja nikachoka, nikawaandikia kwa kidole kimoja: mkono nauficha chini ya kitenge, niulizeni uso! Umekakamaa, hautabasamu. Wateja wangu wa siku zote wananipita wakidhani nimenuna, na Kariakoo muuzaji aliyenuna anakaa na mzigo wake.

Mtafiti mmoja akakiri kwamba suala la uso hawakulipatia uzito. Kisha akaniuliza, kwa huruma, kama nafikiria kuacha biashara.

Niache? Nikamweleza kwamba huku kwetu mnunuzi akitaja bei yake anakutazama usoni, aone kama umeanza kulegea.

“Anayeingia dukani kwangu siku hizi ananitazama mpaka anachoka,” nikaandika, “halafu analipa nilichotaja.”